Saa Moja ya Nélida

Jumatatu, simu ililia kabla sijavua koti.
"Barrientos, kalenda imerukwa na akili."
Kalenda haina akili, nikamjibu Danko wa stoo,
akili ni ya aliyeipanga.
Kisha nikanyamaza. Aliyeipanga ni mimi.

Usiku wa Jumamosi kule Santiago walirudisha saa nyuma.
Huku kwetu Punta Arenas hatuigusi;
tunaiacha ilivyo, na upepo wake.
Nchi moja, bendera moja,
na kati yetu, kuanzia Aprili, pengo la saa nzima.

Nilianza anapoanzia yeyote asiyejua:
nikaizima seva, nikaiwasha.
Ikaamka na uongo uleule, umenawa uso.
Nikakagua cheti: kingali hai mpaka Novemba.
Nikajaribu nenosiri, nikajaribu milango,
nikachomoa kebo nikaipuliza, jambo ambalo
nisingependa mtu alione.
Barua pepe zilikuwa zinakwenda bila tatizo,
bei ya sufu, ankara, meli iliyokwama Montevideo,
kila moja ikibisha hodi sandukuni kwake kwa adabu.
Ni saa tu. Kila mkutano kwenye simu za watu
ulikuwa umesogea mbele hatua moja,
kama foleni iliyosukumwa kwa bega.

Nikafungua kumbukumbu za usiku:
mistari elfu nne ya mashine ikijisemea,
nimepokea, nimepokea, nimekataa, nimepokea.
Hakuna mstari ulioandika nimekosea.
Mashine haikosei. Hutii,
na utiifu huo ndio unaonitisha.

Saa nne kasoro dakika tano
Nélida Oyarzún akapita na keki ya kalafate,
ameibeba kwa mikono miwili kama mtoto wa watu.
Miaka thelathini na mmoja akijumlisha marobota ya sufu,
na leo ndiyo siku ya kumuaga: saa nne, chumba cha juu.
Yeye aliiandika kwa kalamu kwenye kalenda ya bucha.
Sisi wengine tuliiachia seva,
na simu zetu zilisema saa tano.

Nilijua. Wacha niseme hivyo, nilijua.
Nilisikia kiti kikiburutwa juu ya kichwa changu,
kiti kimoja,
nikajiambia: nikiikamata hitilafu hii, nitapanda.

Nikaikamata saa nne na dakika arobaini.
Faili la mipangilio, mstari wa kumi na saba.
Mahali pa kuandika mji wetu niliandika Santiago,
kwa mkono wangu, Novemba iliyopita, usingizi machoni,
msimu ambao miji yote miwili husoma saa ileile
na kosa halina pa kuonekana.
Likalala majira yote ya joto.
Mdharau mwiba, wamesema.
Mimi sikuudharau; niliuvalia soksi.

Nikafuta neno moja, nikaandika mawili.
Nikapanda ngazi.

Alikuwa dirishani, amekata kipande, amekula nusu.
Nikaanza kuomba radhi, akainua kisu.
"Miaka yote hiyo," akasema, "sijawahi kukaa
humu ndani bila mtu kuniuliza namba.
Nimehesabu meli. Tatu. Sikuziandika popote."
Akanitazama. "Usiniambie umeshaitengeneza."

Hapo ndipo simu zikalia jengo zima, zote pamoja,
stoo, mapokezi, kwa mkurugenzi:
umechelewa dakika arobaini na nne.
Milango. Mtu akaangusha kikombe. Miguu kwenye ngazi.
Nélida akafuta makombo mdomoni,
akaizungusha keki, upande uliokatwa
ukatazama ukuta.