Mhuri wa Ohio

Nimevuka majimbo matano na jozi moja ya buti,
kofia yenye ufa juu ya sikio la kushoto,
na karatasi kumi na nne ndani ya bahasha ya kaki.
Bi. Lujan, karani, anazipekua
kama mtu anayechambua mchele,
punje kwa punje, hadi analipata jiwe:
"Hiki kiliisha Desemba, tarehe thelathini na moja."
Leo ni Februari, tarehe tisa.

Desemba nilikuwa namgeuza mama kitandani.
Mapafu yake yalitaka hewa kavu, nikamfuata huku.
Fomu haina kisanduku cha jambo hilo.

Miaka kumi na tisa, Toledo.
Nyumba za mbao zilizobanana kama meno,
ghala la rangi lililowaka siku mbili,
usiku ambao mpira wa maji uliganda barafu
tukaubeba mabegani kama gogo.
Nilimtoa paka.
Kisha nikamtoa bibi aliyerudi kumfuata paka.

"Mhuri wa Ohio," anasema Bi. Lujan, kwa upole,
"ni wa Ohio."
Nilitaka kumwambia moto hausomi mihuri.
Nikanyamaza. Nilikuwa nauhitaji wa kwake.

Basi nikaketi darasani na vijana wanaonukia mafuta ya nywele.
Mwalimu wetu, Tobias Archuleta, alikuwa chekechea
mwaka nilipoingia moshini mara ya kwanza.
Akasema funga fundo; nikalifunga kwa mikono nyuma ya mgongo
huku natazama dirishani gari likikosa maegesho.
Akaweka alama ya vema. Hakucheka.
Hapo nikaanza kumheshimu.

Swali la arobaini na moja:
mtungi wa hewa wa dakika thelathini hudumu dakika ngapi?
(a) thelathini
(b) ishirini
(c) kumi na tano
(d) inategemea.

Inategemea.
Inategemea ngazi ni za ghorofa ngapi,
na kama umesikia sauti ya mtu au umedhani umesikia.
Kwa Ron Pawlicki zilikuwa kumi na moja.
Nilizihesabu baadaye, kwenye kinasa sauti, mara nyingi.
Nikazungushia (d).
Kitabu kimesema kweli, ila hakikutaja jina.

Siku ya nne tukapelekwa nje, kwenye nyasi
za rangi ya mkate, hakuna bomba, hakuna mto,
anga tupu kutoka kilima hadi kilima.
Archuleta akanipa kibuyu cha chuma chenye utambi
akasema: "Washa."

Miaka kumi na tisa, hakuna aliyewahi kuniambia neno hilo.
Mikono yangu ikawa ya mtu mwingine.
Nikainamisha kibuyu mapema mno; akanishika kiwiko:
"Subiri upepo ugeuke."
Tukasubiri. Nywele za shingoni zikaniambia kabla yake.
Nikatembea, nikidondosha moto kama mtu anayepanda mbegu,
na moto wangu ukaenda kuulaki ule mkubwa,
ukala kila kitu kilicho katikati,
na walipokutana hapakuwa na chakula tena.
Dawa ya moto ni moto:
nilidhani ni maneno ya wagomvi.
Kumbe ni maelekezo ya kazi.

Njiani kurudi sikusema neno.
Bi. Lujan alikuwa na haki, angalau robo yake,
na robo hiyo ilinikaa kooni kama majivu.

Cheti kilifika Mei, kwa posta.
Jina langu limekosa herufi moja: Verna Stachowak.
Niliandika barua. Wakajibu:
kurekebisha jina kuna fomu yake.

Kwa sasa kimebandikwa kwa sumaku kwenye friji ya mama,
kati ya ratiba ya vidonge na namba ya daktari.
Mama amekisoma kwa sauti, akakosoa tahajia,
akakohoa, akauliza kinaisha lini.
Nimeiandika tarehe ukutani, kwa penseli.