Mwiko

Muuzaji wa Lugo, Baldomero, viatu vinang'aa,
ananiuliza kwanza, kama daktari:
"Trekta lako, mama, lina farasi wangapi?"
Sitini na watano, nasema, lilipozaliwa.
Leo wawili wanachechemea
na mmoja, nadhani, tulimwacha kwenye kile kilima cha kanisani.

Anacheka kwa adabu. Ananipeleka kwenye ile kubwa,
nyekundu, mita sita,
rafadha mbili pana kama majani ya kabichi.
"Hii inakoroga hata zege."
Sina zege. Nina ng'ombe thelathini na wanne,
mvua ya miezi saba,
na matangi mawili yasiyofanana,
kama watoto wa baba mmoja, mama mbalimbali.

La nje ni duara, liko wazi.
Unarudi nyuma polepole, unapitisha mkono wa mashine juu ya ukuta,
unausukuma uji wa samadi uzunguke, uzunguke,
mpaka utando upasuke wenyewe.
La pili limelala chini ya zizi, chini ya kwato,
na mlango wake ni tundu moja kwenye kona ya nje:
sentimita themanini kwa themanini.
Nimelipima kwa utepe wa kushonea.
Kina nimekipima kwa fito ya mkalitusi:
mita mbili na robo,
na hiyo robo ni mashapo yasiyotaka kujua habari zangu.
Jungu kuu halikosi ukoko;
langu lina ukoko chini na ukoko juu.

"Ile kubwa inataka farasi tisini," nasema.
Baldomero anatazama dari.
Ina uzito wa ng'ombe na ndama wake.
Ningeifunga nyuma ya trekta langu,
magurudumu ya mbele yangesimama kama mbwa anayeomba mkate,
na huko chini ya zizi
isingepita hata kichwa.

Nyumbani mashine hii naiita mwiko, kwa sababu mbili.
Mwiko ni wa kukorogea.
Na mwiko ni ule mwingine:
usishuke tundu lile.
Koleo likianguka, limeanguka.
Kofia ikianguka, nunua kofia.
Eladio wa ng'ambo ya mto alifuata ndoo,
mwanawe akamfuata yeye.
Ile harufu ya mayai viza inayokuonya
hunyamaza pale inapozidi.
Pua hulala kabla ya mwenye pua.

Nikachukua ya mita nne, rafadha moja,
iliyotumika, rangi imebabuka,
shafti yenye kinga isiyopasuka.
Nilikagua kinga hiyo kwa vidole, kipande kwa kipande,
Baldomero akitazama saa.
Nikalipa bei ya ndama wawili, na usafiri juu yake.

Machi, siku ya upepo.
Ng'ombe wako malishoni, milango yote wazi, zizini hamna hata paka.
Edelmiro na nyonga yake mbovu
nimemweka kitini upande upepo unakotoka;
ananiongoza kwa fimbo,
kushoto, kushoto, kama vile ndiye anayeendesha.
Trekta likakohoa, likatema moshi mweusi,
likashuka sauti, likashuka zaidi,
nikasema basi,
kisha likashika. Mizunguko mia tano na arobaini.
Farasi mmoja alifufuka, naapa.

Kule tunduni utando ukapasuka kama mkate wa mahindi,
bonge likapinduka,
na ndani ya bonge, kisigino juu,
buti.
La mpira, la kulia, namba arobaini na tatu.
Lile buti ambalo kwa miaka tisa
Edelmiro amesema liliibwa na Xurxo,
jirani yetu, mwenye miguu ya namba thelathini na tisa,
ambaye kwa miaka tisa hajamsalimu hata mazikoni.

Nikapunguza mwendo.
Nikamtazama mume wangu.
Yeye akalitazama buti likizunguka, mara moja, mara ya pili.
"Usiliguse," akasema. "Mwiko."
Likazama tena.