Mahudhurio

Fomu ya makao makuu ina kisanduku kimoja
kinachonitoa jasho kila tarehe thelathini:
Eleza sababu za kupungua kwa vijana.
Mwaka wa kwanza niliandika: ulegevu wa kiroho.
Nilikuwa mgeni Mwanza, nimetoka chuoni,
viatu bado vina mng'aro.

Siku hizi, kabla ya kuandika, naangalia juu.
Mbalamwezi ikipevuka, dagaa hawadanganyiki na taa,
mitumbwi inalala, na viti vyangu vya plastiki,
thelathini na vinne, kimoja mguu umefungwa waya,
vinajaa hadi wengine wanakalia dirisha.
Likiingia giza, nabaki na Nyanzobe wa kinanda
na mdogo wake anayesinzia kabla ya sala ya kufungua.
Na kule majini taa zimejipanga
kama mtaa mwingine uliohamia ziwani usiku.
Kondoo wangu wanawaka pale.
Nikiwahesabu nachanganya, naanza upya.

Basi mwezi wa nne nikaandika ukweli.
Sababu: mwezi.
Katibu akapiga simu: "Mwezi upi, mchungaji?
Huu au uliopita?"
Nikamwambia, ule wa juu.
Akanyamaza. Akaniuliza kama napumzika vya kutosha.

Jumatatu nafagia.
Maganda ya karanga, hereni moja,
na ndani ya kitabu cha nyimbo, ukurasa wa toba,
mkeka: timu kumi na mbili, shilingi mia tano,
umechanika kwa goli la dakika za majeruhi.
Nilicheka peke yangu. Yule wa kwenye Injili
aliambiwa ajitwike godoro lake aende zake.
Huyu wa kwangu kaja nao mkeka wake, kauacha hapa,
na sijui kama huko ni kupona.

Mambo mengine chuoni hawakutufundisha.
Kabula, kidato cha sita, aliniuliza mbele ya wote:
"Nikiiombea kazi, na Minza akaiombea kazi hiyohiyo,
Mungu anafanyaje?"
Nikatazama saa. Nikasema, tutaendelea wiki ijayo.
Wiki ijayo alikuja na daftari.

Lakini nilitaka kusema habari za Lushinge.
Mizunguko miwili ya mwezi hakuonekana,
hata usiku mweupe kama unga.
Alhamisi alfajiri nikashuka Kirumba, mwaloni,
nina mistari mitatu nimeiandika kiganjani
kama mwanafunzi mwizi.
Nikamkuta chini ya gunia. "Mchungaji, shika hapa."
Nikashika. Kisha lingine. Kisha lingine.
Jasho likafuta Zaburi yote.

Tulipokaa, chai mkononi, akasema
Magesa alichukuliwa na dhoruba giza lile la Februari,
na mtumbwi ulirudi, na taa zake zilirudi.
"Kanisani mtanipa maiki nitoe ushuhuda.
Mkinipa maiki nitatukana."
Nilikuwa na jibu. Lilikuwa zuri, lina vipengele.
Nikalimeza pamoja na chai.
Nikasema: "Basi usishike maiki."
Akatazama maji. Akaniuliza kama nina sukari zaidi.

Nyumbani Mbuke alinipokea mlangoni na ndoo:
"Leo umewahubiria kina nani, unanuka hivi?"
Sikujua niseme nini. Sikuwa nimehubiri.

Jana mwezi ulikuwa mzima juu ya Bugando.
Viti vikajaa, Nyanzobe akakosea ufunguo kama kawaida,
Kabula yuko mbele, kalamu tayari.
Katikati ya wimbo wa pili Lushinge akaingia,
kofia mkononi, akapita nafasi mbili zilizo wazi,
akaenda kukalia kile kiti cha waya.
Nilitaka kumwonya.
Kiti kikalia mara moja, kikatulia,
nami maiki nikaizima,
nikahubiri kwa sauti yangu tu.