Dabo Nipo

Miaka ishirini na moja navuta wenzo wa reli hapa Tabora,
pale njia zinapoachana, huku Kigoma, huku Mwanza.
Sijawahi kupeleka behewa la mtu kusikotakiwa.
Taa nazijua. Filimbi naijua. Uzito wa chuma mkononi naujua.
Karatasi tu ndizo zilizonishinda,
nikawa nasaini kwa kuchora jina
kama mtoto anayechora mbuzi.

Basi Kalunde aliporudi na daftari
lenye wino mwekundu kama limechinjiwa jogoo,
nilijua kabla hajafungua mdomo.
Ameandika "dada" akimaanisha mimi.
Penye "dawa" amesoma "bawa",
na darasa zima likapiga mabawa, likawika
mpaka kengele ya kutoka.
"Herufi zinageuka, baba. Nikiishika hii,
ile imeshapanda treni nyingine."
Mama yake akasema uvivu.
Shangazi akaja kutoka Isevya, akasema atafutwe mtaalamu wa mambo hayo.
Mimi nikasema nawahi zamu.

Mwalimu Ntahondi, mtu wa Kasulu, mfupi, mwenye kikohozi,
hakusema uvivu. Alisema disleksia,
neno alilolitamka huku akiliangalia kwenye karatasi.
Akatoa kishikwambi alichobaki nacho baada ya sensa,
kioo kimepasuka pembeni kama mto Ugalla kwenye ramani.
Akazikuza herufi, akazitenganisha
kama mtu anayetundika mizinga,
nyuki wa huku wasigombane na wa kule.
Rangi ya njano ikatembea neno kwa neno,
na sauti ikasoma.

Sauti ya mwanamke asiye na ukoo.
Haivuti pumzi. HaigunI. Haiulizi kama una akili.
Mara ya tisa inasoma vilevile kama mara ya kwanza,
na hilo, jamani, hakuna aliyewahi kumfanyia mwanangu,
mimi nikiwamo.

Ilipofika kwenye "ng'ombe" ikajikwaa. Ikasema "ngo-mbe",
kama mgeni aliyeshuka stesheni asubuhi ileile.
Kalunde akacheka mpaka akashika mbavu.
"Siyo hivyo, mama. Ng'ombe. Ng'o. Ng'o."
Mwaka wa tatu huo yuko shuleni;
ndiyo mara ya kwanza namsikia akimsahihisha mtu.

Kuchaji ni shilingi mia tano, dukani kwa Kasongo, Ng'ambo.
Umeme ukikatika tunarudi kwenye kidole na koroboi,
na herufi zinarudia utundu wao,
ila sasa anazikemea.

Juzi usiku nikashusha kopo la biskuti juu ya kabati.
Barua ya Mihayo, mdogo wangu,
aliyekwenda Uvinza kwenye chumvi, akazikwa huko.
Miaka kumi na minne nimeitunza.
Ningempa nani anisomee, asinijue?
Nikaielekezea kamera. Kiduara kikazunguka,
kikazunguka,
ile sauti ikasema hakuna maandishi yaliyopatikana.

Kalunde akachungulia begani kwangu.
Akaweka kidole. Hakukunja uso.
"Kaka," akasoma, "dabo nipo."
Akanyamaza kidogo. "Ni bado, baba. Kaandika kama mimi."
Akaendelea, bila njano, bila mashine,
kwenye mwandiko aliouzaliwa nao:
"Kaka, bado nipo. Mguu umevimba. Nauli sina.
Njoo na treni ya Jumatano."

Nikamwomba arudie. Akarudia.
Nikamwomba tena.
Mara ya tatu sauti yake ikakatika katikati ya "Jumatano";
ile nyingine isingekatika.

Saa tisa ikapiga honi.
Nikavaa koti, nikaenda,
nikaifungua njia ya Uvinza
kama kila usiku.