Zamu ya Nani

Kituo cha mwisho, Dubrava. Dakika saba.
Nimezima taa za behewa, milango nimeiacha wazi
harufu ya makoti mabichi itoke,
na kidole gumba kimeingia kazini.

Kushoto: futa. Kulia: hifadhi.
Ndivyo nilivyoipanga programu mwenyewe
usiku ule wa Novemba, tuliporudi makaburini,
nikalitia sanduku la baba ndani ya langu
yakawa sanduku moja,
barua mia nne na kumi na mbili hazijasomwa.
Zake zina kitone cha kijani. Zangu buluu, kama tramu.

Kushoto: duka la mbegu linamuuliza Dragutin
kama nyanya za mwaka jana zilimridhisha.
Kushoto: famasia, punguzo la dawa ya presha.
(Presha imeshuka, jamani. Imeshuka kabisa.)
Kulia: bili ya gesi.
Kulia: ratiba ya zamu kutoka karakana,
jina langu wamelikosea tena.
Kushoto, kushoto, kushoto,
anayeniona dirishani atadhani napangusa vumbi.

Arifa nimezinyamazisha zote
isipokuwa za kaka yangu Tihomir,
naye haandiki.

Halafu iko ile ya Bwana Vatroslav wa Osijek.
Mstari mmoja na nusu:
"Askofu, c nne. Magoti yako je?"
Miaka kumi na tisa wamecheza sataranji hivi
bila kuonana uso kwa uso,
kwanza kwa kadi za posta, kisha kwa barua pepe
ambazo baba alizichapa kwa kidole kimoja,
ncha ya ulimi ikichungulia pembeni mwa mdomo.

Kushoto sikuweza. Kulia sikuweza.
Kipo kitufe cha tatu, chenye picha ya saa: ahirisha.
Nikaahirisha hadi Jumatatu. Ikarudi Jumatatu.
Nikaahirisha hadi Krismasi ipite.
Ikarudi na theluji, juu ya zote, kwa wino uliokoza,
kama mgeni aliyekuwa ametoka msalani tu.

Ningemwandikia nini? Rasimu ninazo sita.
"Bwana mpendwa, nasikitika" — inaishia hapo.
"Bwana mpendwa, baba" — inaishia hapo.
Programu inazitunza zote, wala haihoji,
kila moja na saa yake: saa nane usiku,
saa kumi na moja alfajiri,
na moja ya mchana kweupe, nikiwa kwenye taa nyekundu,
jambo ambalo karakana wasilijue.

Jana nilivuta droo yake nikakuta ule ubao wa sumaku,
mchezo umesimama palepale alipouacha.
Sataranji siijui. Najua tu farasi anakwenda
kama tramu iliyoacha reli: mbili mbele, moja ubavuni.
Nikamrusha. Nikaandika: "Farasi, e tano."
Nikatuma kabla moyo haujarudi nyuma.
Simu ikatoa ile sauti yake, fyuu,
kama mtu anayezima mshumaa chumba cha pili.

Leo, dakika ya tano kati ya saba, kitone cha kijani:

"Binti (nadhani ni wewe, Ljerka, alikutaja),
huyo farasi ni maiti baada ya hatua mbili.
Dragutin asingemtoa hata kwa homa.
Basi nimeelewa.
Nimekaa jikoni kitambo, chai imepoa.
Ukitaka kumrudisha, mrudishe, sitahesabu.
Zamu ni yako."

Abiria wa kwanza amepanda, anakung'uta theluji viatuni.
Nawasha taa.
Simu nimeilaza kifudifudi kando ya usukani,
barua ile haijafutwa, haijahifadhiwa,
haijaahirishwa.
Kutoka hapa reli imenyooka kitambo kirefu,
nina vituo kadhaa vya kuwaza
askofu wa mzee huyu ananitakia nini hasa.