Nikate Nini?

Sitaki hapa kalamu
wala wino, nina simu,
lakini lingali gumu
neno la kwanza kutia.

Nashona kofia ndani
ya nyumba ya Mkomani
kwa miaka ishirini,
macho yaanza fifia.

Binamu yangu Shekuwe
kaja kwangu: "Hata wewe
tovuti na ufunguwe,
walimwengu kuingia."

Kuna kijana Langoni,
Famau, mwana wa Shani,
fundi wa mitandaoni,
kazi anajifanyia.

Akauitika wito,
nampa kahawa nzito,
akakaa kwenye mto,
maswali akaanzia:

"Picha zako ziko wapi?
Kofia bei ni zipi?
Na mteja ni wa wapi?
Nani atamjibia?"

Nikacheka, nikasema:
"Famau, we fundi mwema,
si kazi yako kupima,
mimi nije kulipia?"

Kaweka kikombe chini,
viatu vi mlangoni,
akasema kwa makini,
neno likaniingia:

"Bibi, nguo haishonwi
kitambaa hakionwi
na kipimo hakinenwi.
Nikate nini? Nambia."

Akaondoka. Hasira
ikanipanda, nafura;
kulipokucha, fikira
zikawa zimetulia.

Kwanza picha. Kwenye dari,
jua changa la fajiri,
nikatandika hariri:
paka akaikalia.

Binti yangu Mwanahawa
asema, "Picha si dawa:
futa vumbi, weka sawa,
kidole kimeingia."

Picha nyingi zina kitu:
kivuli, mkia, mtu;
zilizofaa ni tatu
ambazo tamtumia.

Kisha vipimo vya vichwa:
mume wangu hakuachwa,
tangu asubuhi, kuchwa,
uzi nawazungushia.

Shemeji yangu Twalibu,
kichwa chake cha ajabu:
uzi wote, kwa taabu,
ncha zikakaribia.

Kisha bei. Hapo ndipo
nilipokwama. Malipo
nikayapima yalipo
na siku zilopitia:

kofia moja ya kazi
hula miwili miezi,
nikiondoa na uzi
elfu mbili hubakia.

Kwa siku ni kama chai
kikombe; hapana yai.
Na mteja akidai
punguzo, namshushia.

Na yule bwana Mombasa
huja mkononi pesa;
akifika, bila kosa,
mara tano huzidia.

Sindano nikaiweka.
Sikulia, sikucheka.
Ishirini ya miaka,
hili sikuliwazia.

Maneno nikayawaza:
"Sisi tunaoongoza,
ubora tunaokuza…"
Nani namuigizia?

Nikaandika: "Ni mama
kanifunza kwa lazima
kufumua, rudi nyuma,
nikikosa kutulia."

Na majina ya wenzangu
washonao kwao, kwangu,
Mwatime, na wifi yangu,
hakuna wa kusalia.

Kuna ua naliita
"Ngoja Kwanza", lina vita:
tundu mia mara sita,
na ndotoni hunijia.

Mteja akiwa mbali
nani atabeba mali?
Nikauliza nauli
ya mashua, basi pia.

Nambari nayo ya simu:
mume asema, "Muhimu
iwe yangu." "Hilo gumu,
mchana wajilalia."

Nikavitia koponi,
kopo kuu la zamani,
nikaingia Langoni,
punda wanitangulia.

Famau akafunua,
akasoma, akatua:
"Bei mbona imekua?"
"Siku nimezitilia."

"Basi nami siku zangu
utazihesabu?" "Kwangu,
siku yako kama yangu,
kila moja talipia."

Akasema, "Jina gani
niliweke mlangoni?"
Nikatazama koponi:
jina sikulifikia.

Nimekaa. Ni usiku.
Famau kanipa siku
mbili. Paka, kwa shauku,
simu ameikalia.