Thelathini na Tisa kwa Nane

Mihayo alizinunua mwaka asali ilipolipa:
tairi nne, inchi thelathini na tatu,
akaivika pikapu iliyozaliwa na ishirini na tisa
kisha akapigwa picha amekunja mikono.
Picha ipo. Mihayo yuko Chunya, anatafuta dhahabu.
Usukani umebaki kwangu.

Sizitukani tairi. Zimenivusha visiki vya Ipole
na tope la masika lisilo na adabu.
Ila gari likaanza kuhema.
Gia ya tano likaikataa
kama mtoto aliyeonja shubiri.
Mchangani, na madumu arobaini nyuma,
klachi ilinuka kama ugali uliosahauliwa motoni.
Jirani akasema injini imechoka, uza.
Mwingine akasema badilisha nozeli.
Nikabadilisha nozeli. Likahema.

Isevya, nyuma ya mashine ya kukoboa,
Fundi Swedi hakufungua hata boneti.
Alitazama tairi, akacheka kwa pua.
"Umemvalisha mtu viatu vya kaka yake
halafu unamlaumu mwendo."
Akaingia chini, akaishusha difu,
akaniita tuhesabu kwa kidole, jino kwa jino:
krauni, arobaini na moja. Pinioni, kumi.
"Shafti huzunguka mara nne na kidogo
ndipo gurudumu lizunguke mara moja.
Gurudumu limekua. Mzunguko wake sasa ni safari,
na injini ni ile ile,
na mshahara ni ule ule."

Akatoa seti mbili kwenye gunia la tumbaku.
"Arobaini na moja kwa tisa:
lami ya Nzega utaila unapiga mluzi.
Thelathini na tisa kwa nane:
itabeba, itatambaa, haitakuaibisha mchangani,
lakini kwenye lami italalama
na utingo wa mabasi watakupungia wakikupita.
Ya mbele nayo ibadilishwe, ifanane na ya nyuma,
la sivyo siku ukivuta fowili
zitagombana, na wewe ndiye utakayeokota vyuma.
Haya. Unabeba nini? Unakwenda wapi? Nani anakusubiri?"

La kwanza nilijibu, na la pili.
La tatu nikamwuliza bei.

Ndipo akasema jambo alilodhani dogo:
mita ya dashibodi huhesabu shafti,
barabara haiijui.

Nikakaa juu ya dumu.
Misimu miwili nimewatoza warina asali kwa kilomita,
kwa mita ile, kalamu sikioni, nikijiona hodari.
Ikisema themanini na nane, kumbe tumekwenda mia.
Kumi na mbili nimezigawa kama sadaka,
na Nyanzala wa Ipole bado alinililia bei!

"Nikifunga hii ya nane?"
Swedi akaandika kwa chaki kwenye rimu,
akafuta kwa kiwiko, akaandika tena.
"Mia itasomeka mia na nne, na ushee."
"Na ya tisa?"
"Tisini na saba na nusu."

Nikazishika zote mbili, moja kila mkono.
Hii itaniibia kidogo.
Hii itanifundisha kuiba.
Ya kusema mia ni mia haikuwemo guniani.

Nikachukua ya nane. Mchanga ndio ulioamua,
nisijisifu.

Sasa tunapanda bila kuombana msamaha.
Pinioni ya zamani, meno yake kumi,
inakandamiza stakabadhi zangu dirishani.
Na juzi Nyanzala, anayesoma kila kitu
mpaka maandishi ya kiberiti,
aliingiza kichwa, akatazama mita, akatazama karatasi.
"Hapa pana mia na nne. Mbona umeandika mia?"

Nikawasha gari.
"Nne ni za Mihayo," nikamwambia.